Mamluki wa kwenye pedi: Kodi inayofunga bao kabla ya kipenga

SAME. Mechi kubwa ikiisha, kibanda umiza hakifungwi papo hapo. Wazee wanatoka wakibishana kuhusu penalti, wanavuka barabara kuu ya kwenda Moshi na kurudi kwao, mabenchi ya mbele yanabaki kwa vijana. Dekoda inazimwa, waya unahamishwa nyuma ya televisheni ileile, na PlayStation 2 nyeusi iliyochubuka pembe inawashwa. Hapo inaanza ligi nyingine, isiyo na TFF wala VAR.

Sheria za ligi hiyo hazijaandikwa popote na kila mtoto anazijua. Unalipia mechi. Ukifungwa unanyanyuka, ukishinda unabaki na pedi, anakuja mwingine. Ni hivyo Same mjini, ni hivyo Hedaru na Makanya kando ya lami, na ukipanda huko juu kwenye tangawizi ya Mamba, au ukavuka hadi Usangi upande wa Mwanga, sheria ni hiyohiyo. Tofauti kubwa ilikuwa umeme. Kabla nguzo za REA hazijaanza kupanda milimani, gemu lilitegemea jenereta, na jenereta likikata mafuta dakika ya 80 huku unaongoza, ushindi wako ulibaki kuwa hadithi.

Mwenye mkono mzuri anaweza kukalia benchi jioni nzima kwa hela ya mechi moja. Ndiyo maana kuna neno moja likitamkwa mle ndani kelele zote zinakata. "Huyu anachiti."

Mara nyingi anayelitamka hana hoja. Amefungwa tu, na ana hasira. Au mwenzake amemchukua Adriano. Katika Pro Evolution Soccer 6, ile ya mwaka 2006 ambayo mitaani wengi wameendelea kuiita Winning Eleven, mshambuliaji huyo wa Inter Milan alipewa nguvu ya shuti 99, na kipimo chenyewe kinaishia 99. Anapiga kutoka katikati ya uwanja, kipa anaruka kama aliyesukumwa, nyavu zinatikisika. Wapo waliokubaliana kumfungia Adriano kabisa, kama shirikisho linavyomfungia mtukutu. Lakini Adriano si chiti. Yumo ndani ya sidii, kila mtu anamwona kwenye kikosi, na hata wewe ungeweza kumchukua.

Chiti yenyewe ni kitu kingine, na ina historia ndefu kuliko umri wa wengi wanaogombania pedi.

Kaseti juu ya kaseti

Turudi nyuma, kwenye zama za kaseti. Watanzania waliokuwa watoto miaka ya 1990 wanazikumbuka zile mashine za Kichina zilizoiga Famicom ya Nintendo, zenye kaseti ya rangi ya njano au nyekundu iliyoandikwa kuwa ina magemu 9999 ndani yake, kumbe ni Mario na Contra na mengine machache yaliyorudiwa kwa majina tofauti. Contra ilikuwa ngumu. Unapewa maisha matatu, risasi moja inakumaliza.

Ndipo zikaja habari za mdomo: bonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Unapata maisha 30. Hakuna aliyejua imetoka wapi, ila ilisambaa dunia nzima kabla simu za mkononi hazijaenea. Mwenye mchongo huo alikuwa Mjapani, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami. Mwaka 1986 alikuwa akitengeneza gemu la ndege liitwalo Gradius, likamshinda kulicheza mwenyewe wakati wa kulijaribu, akajiwekea njia ya mkato. Akaisahau humo. Hashimoto alifariki Februari 2020. Konami hiyohiyo ndiyo iliyokuja kutupa Winning Eleven, kwa hiyo undugu wa chiti na soka la kwenye televisheni ni wa nyumba moja.

Konami waliendelea na utani wao hata kwenye soka. Katika International Superstar Soccer Deluxe ya mwaka 1995 kulikuwa na mpangilio wa vitufe uliomgeuza mwamuzi kuwa mbwa. Anakimbia uwanjani kwa miguu minne, na kadi nyekundu anatoa. Ukisikia wanavyoitwa waamuzi wetu majukwaani wikiendi, utaona Wajapani walikuwa wamewasikia mashabiki wa Tanzania.

Hizo ni kodi zilizowekwa na mtengenezaji mwenyewe. Hazihitaji kifaa. Vurugu ilianza pale watu wa nje walipotaka kuingiza za kwao.

Mjini Southam, mkoa wa Warwickshire nchini Uingereza, kampuni ndogo ya magemu iitwayo Codemasters iliunda kitu ikakipa jina la Game Genie. Marekani kiliuzwa na kampuni ya vinyago ya Galoob. Umbo lake lilikuwa jepesi kulieleza: ni kaseti inayokaa katikati. Unachomeka kaseti ya gemu ndani ya Game Genie, kisha Game Genie ndani ya mashine. Mashine inapoiuliza kaseti swali, jini huyo anasikiliza, na kwa maswali machache uliyomwagiza anajibu yeye. Mashine inauliza, "Mario akifa nipunguze maisha mangapi?" Kaseti inataka kusema moja. Jini anasema hapana, usipunguze.

Maagizo hayo uliyaandika kwa herufi sita au nane. Kwa Super Mario Bros. ukiandika SXIOPO, Mario hafi akaisha. Herufi zilizotumika zilikuwa 16 tu, kwa sababu kila moja ilisimama badala ya tarakimu moja ya mfumo wa hesabu wa kompyuta, ambao badala ya kuhesabu kwa makumi unahesabu kwa kumi na sita.

Jinsi ya kumsaka 0–0

Zilipokuja PlayStation na sidii zake, ujanja wa kukaa katikati ukabadilika. Sidii haina pa kuwekewa jini. Hapa ndipo ikavuma kampuni nyingine ya Kiingereza, Datel, ya mji wa Stone, na kifaa chake Action Replay, ambacho tangu miaka ya 1980 kilikuwa kikiuzwa kwa kompyuta za Commodore 64. Marekani ndugu yake aliuzwa kwa jina la GameShark. Kwenye PlayStation ya kwanza kilichomekwa kwenye tundu refu la nyuma. Sony walilifuta tundu hilo kwenye matoleo ya mwisho ya mashine hiyo, yale ya namba 9000, na vifaa vikahamia kwenye sidii: unaweka sidii ya kuchiti kwanza, unachagua kodi, halafu unaitoa na kuweka ya gemu.

Kifaa hiki hakigusi sidii. Kinagusa kumbukumbu ya kazi ya mashine, ile mafundi wanayoiita ramu. Ichukulie kama ubao mkubwa wa matokeo uwanjani, wenye visanduku vya namba. PlayStation ya kwanza ina megabaiti 2 za ramu, yaani visanduku zaidi ya milioni 2, na kila kimoja kinabeba namba kuanzia 0 hadi 255. Kimoja kina mabao ya timu ya nyumbani. Kingine mabao ya wageni. Kingine pumzi ya beki wa kulia. Kimoja kina dakika. Gemu lenyewe ni kazi ya kusoma na kufuta na kuandika upya visanduku hivyo, mara 50 au 60 kila sekunde.

Sasa, unajuaje kisanduku cha mabao ni kipi kati ya milioni 2? Matoleo makubwa ya vifaa hivi yalikuja na msako ndani yake, na msako huo unaeleweka kwa mtu yeyote wa mpira. Unaanza mechi, ni 0–0. Unaiambia mashine: nionyeshe visanduku vyote vyenye 0. Vinakuja vingi kama watu wa gulio. Unafunga bao. Sasa niambie, kati ya hivyo, vipi vimekuwa 1? Kundi linapungua sana. Unafunga la pili. Vipi vimekuwa 2? Wamebaki wachache. Unaacha muda upite bila bao, unauliza vipi havijabadilika. Mwisho unabaki na kisanduku kimoja au viwili, na umeshajua anwani yake.

Anwani hiyo ukiiandika pamoja na namba unayoitaka, hiyo ndiyo kodi. Kwenye PlayStation ya kwanza ilikuwa tarakimu nane za mahali na nne za thamani. Zilizoanza na 80 zilimaanisha: andika namba hii mahali hapa, na uendelee kuiandika bila kuchoka. Weka 9 kwenye kisanduku cha mabao ya nyumbani, timu yako inaongoza 9–0 kipenga cha kwanza hakijapulizwa.

Huyo lakini ni mjinga. Ubao ukisoma 9–0 dakika ya kwanza, benchi zima linasimama. Mjanja anafanya kinyume: anafungia kisanduku cha mpinzani kwenye 0. Mwenzake anahangaika, anapiga krosi, anafunga kwa kichwa, mtangazaji anapayuka kwa Kijapani, wachezaji wanakumbatiana, na ubao unarudi palepale. Mjanja zaidi hagusi mabao kabisa. Anagusa pumzi. Mabeki wake hawachoki, wa mwenzake wanavuta miguu kuanzia dakika ya 60, na hakuna anayeweza kuthibitisha kitu. Anayefungwa anaamini amezidiwa.

Kibaya kuliko vyote ni kodi zilizoanza na D0. Hizo ni kodi za masharti, zinalala. Zinasubiri hadi ubonyeze vitufe fulani kwa pamoja, tuseme L1 na R2, ndipo ile inayofuata inaamka. Ukiachia, inalala tena. Mchezaji anaweza kucheza dakika 85 kwa haki kabisa.

Kesi ambayo Mpare angeifuata hadi mwisho

Kuna utani wa zamani kwamba Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wanaousema zaidi ni watani wao Wachaga, na Wapare wenyewe hawaukatai sana. Watakuuliza tu huyo kuku alikuwa wa nani. Basi chiti za gemu zimezaa kesi mbili ambazo mtu wa Same angezifurahia kuliko gemu lenyewe.

Ya kwanza ilifunguliwa 1990. Nintendo waliipinga Game Genie mahakamani huko Marekani wakidai inatengeneza gemu jingine juu ya gemu lao bila ruhusa. Walipata zuio, kifaa kikakaa nje ya soko mwaka mzima. Mwaka 1991 mahakama ya San Francisco ikasema hapana: mtu aliyekwishalipia kaseti yake ana haki ya kuichezea nyumbani kwake kwa namna yake, na kodi zenyewe hazibaki popote, ukizima zinapotea. Rufaa ya 1992 ikakubaliana na hukumu hiyo. Nintendo wakaishia kuilipa Galoob dola milioni 15 kwa biashara iliyokwama kipindi cha zuio. Ng'ombe walikwenda, na kuku hawakumpata. Jambo la kuchekesha ni kwamba washindani wao Sega hawakuhangaika na mahakama. Waliipa Game Genie ya mashine yao kibali rasmi na biashara ikaendelea.

Ya pili ni ya juzi tu. Sony waliishitaki Datel nchini Ujerumani kwa sababu ya Action Replay ya PSP, ambayo kwenye gemu la mbio za magari la MotorStorm: Arctic Edge iliwapa wachezaji turbo bila kikomo. Shauri lilipanda ngazi moja baada ya nyingine kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 17 Oktoba 2024 majaji wakatamka kwamba namba zinazopita kwenye ramu wakati gemu linachezwa si sehemu ya programu inayolindwa na hakimiliki. Kifaa kinachobadilisha namba hizo tu, bila kugusa maandishi ya programu, hakijavunja haki hiyo.

Kwa hiyo wanasheria wa Marekani na wa Ulaya wamefika palepale kwa njia tofauti: uko peke yako, gemu ni lako, jipe maisha 99 ukipenda. Lakini hizo zilikuwa kesi za kampuni dhidi ya kampuni. Hakuna jaji aliyeulizwa habari ya kijana mwenye pedi ya pili, aliyekaa benchi hilohilo, aliyetoa hela yake akidhani ni 0–0.

Kodi nyingine ya Same

Mtaani neno ni moja, kodi, iwe ya gemu au ya serikali, na Same ina kumbukumbu yake juu ya neno hilo. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakaweka kambi makao makuu ya wilaya, hapahapa Same, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Walikuwa tayari wanalipa kodi ya kichwa kama Watanganyika wengine. Hii ilikuwa juu yake, na kila mtu alikadiriwa kulingana na mali ambayo wakadiriaji walisema anayo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mtoto wa Upare, aliandika kitabu kizima juu ya mgomo huo. Kilichowachoma watu ni ile namba iliyowekwa mbele ya jina la mtu, asijue imefikiwaje. Mwishowe mbiru iliondolewa.

Kupeleka historia nzito kama hiyo kwenye benchi la gemu ni kuivuta, lakini malalamiko yanafanana. Watu wanavumilia kufungwa. Wanavumilia hata tano bila. Hawavumilii namba iliyoandikwa na mkono wasiouona.

Wapenzi wa ndondo wanalijua hilo vizuri kuliko wapenzi wa gemu, kwa sababu wao wana neno lake: mamluki. Timu ya kijiji inakuja na vijana 11, tisa unawajua hadi shamba la baba zao, wawili hujawahi kuwaona. Wamefika na basi la asubuhi, wamesajiliwa kwa jina la mtu aliyeko Dar, mmoja ana mguu wa kushoto usio wa kijijini kabisa. Ndondo yenye mamluki haivunjwi na kipigo. Inavunjwa na lile swali la baada ya kipigo, kwamba tulicheza na nani leo?

Taifa zima limekaa pande zote mbili za swali hilo. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wameshakata tiketi ya fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gambia, wakaondolewa kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri. Miaka 12 baadaye upepo ukageuka. Congo-Brazzaville waliitoa Tanzania uwanjani, kisha wakashindwa kumfikisha mchezaji wao kwenye kipimo cha MRI cha kuthibitisha umri, wakaondolewa, na Serengeti Boys wakapanda ndege kwenda Gabon mwaka 2017. Umri ni kisanduku kimoja tu cha namba kwenye fomu. Ukikibadilisha, nguvu, kasi na kimo vyote vinafuata.

Chiti imehamia kwenye simu

Vifaa vya zamani sasa ni vitu vya wakusanyaji. Chiti zenyewe hazijafa, zimebadilisha makazi. PS2 nyingi zilizobaki kwenye vibanda zilishachipuliwa zamani, sidii zimeshakwaruzika, na magemu yanapakiwa kwenye fleshi kupitia programu ya bure iitwayo Open PS2 Loader. Programu hiyo ina sehemu ya kodi ndani yake. Hakuna tena sidii ya pili ya kumshtua mpinzani. Faili dogo la maandishi linakaa kwenye fleshi, mwenye mashine anaweka alama mara moja, basi.

Kwenye simu ndiyo kabisa. Vijana wengi wanaosema wanacheza "PES" kwenye simu wanacheza gemu la PSP ndani ya programu iitwayo PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012. Konami waliacha kutoa PES ya PSP baada ya toleo la 2014. Mafundi wa mtaani ndio wanaolipa uhai, wanabadilisha vikosi kila msimu, wanachora jezi mpya, Simba na Yanga wanaingizwa kwa mikono. Ni kazi nzuri na inastahili heshima. Ndani ya PPSSPP kuna swichi moja tu ya kuwasha kodi, na kodi zenyewe zinapatikana bure. Mtu anayekualika mcheze kwenye simu yake amekualika kwenye uwanja ambao yeye ndiye mwenye funguo za chumba cha waamuzi.

eFootball ya sasa haiingiliki kirahisi hivyo, kwa kuwa sarafu na wachezaji wako havikai kwenye simu, vinakaa kwenye mitambo ya Konami. Ndiyo maana anayekuahidi sarafu za bure hakupi kodi, anakupa kiungo. Anataka akaunti yako na nywila yake. Hapo chiti imeacha kuwa ya gemu. Ni wizi wa kawaida, sawa na ule wa ujumbe wa "tuma kwenye namba hii".

Pedi mbili, upande mmoja

Udhaifu mkubwa wa vifaa hivi uko wazi, na haumhitaji fundi. Kifaa hakijui jina lako. Hakijui wewe ni bingwa wa Kisiwani au mgeni kutoka Gonja. Kinajua kisanduku tu, na kisanduku cha mabao ni cha timu ya kushoto au ya kulia, nyumbani au ugenini. Kodi iliyoandikwa kumnufaisha wa kushoto itamnufaisha yeyote atakayekaa kushoto. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ile ya tangu zamani: mechi mbili, mnabadilishana upande, mabao yanajumlishwa. Mwenye kodi atajikuta anajifungia mabao yake mwenyewe, na uso wake utasema kabla ya ubao.

Ya pili ni kuzima. Ramu haikumbuki kitu umeme ukikatika. Hii ndiyo ile hoja iliyowaokoa Galoob mahakamani. Mashine izimwe kabisa, isianzishwe upya kwa kitufe tu, kisha iwashwe wote wawili wakitazama kila ukurasa unaotokea. Ukiona menyu yenye orodha ya majina na alama za tiki kabla ya nembo ya Konami, uliza.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo inayosahaulika. Kodi inapotea mashine ikizimwa, lakini matunda yake hayapotei kama yalihifadhiwa. Mtu aliyejipa pointi bila kikomo kwenye Master League jana, akanunua nusu ya Ulaya, akahifadhi kwenye kadi, leo anakuja na kikosi hicho bila kodi yoyote kuwashwa. Ni sawa na aliyeghushi cheti cha kuzaliwa miaka mitano iliyopita. Hata umpekue leo, hana karatasi mfukoni.

Kwenye mashindano ya kulipia kiingilio ni heri kadi itolewe mlangoni na vikosi viwe vile vilivyomo ndani ya gemu. Fleshi ikaguliwe na mtu asiyecheza. Na kama waandaaji wanapenda vurugu, hakuna ubaya wowote kutangaza raundi moja ya kodi wazi: pumzi haziishi kwa wote, kila shuti ni la Adriano kwa wote, mwamuzi awe mbwa kama mashine inaruhusu. Watu watacheka hadi wapige meza. Zote ziandikwe kwenye karatasi ukutani kabla hela haijakusanywa, aliyechelewa kufika asomewe.

Halafu raundi hiyo ikiisha mashine izimwe, kadi itolewe, mtu asimame nyuma ya televisheni aangalie kama kuna kilichochomekwa kisichohusika. Pande zichaguliwe kwa sarafu.